Hondohondo na Kanga ya Dada Yangu

Mpwa wangu aliposema anataka sendofu yake, sherehe ya kumuaga bi harusi, ifanyike kwenye makumbusho, dada yangu alidhani hilo ni jina la hoteli.

"Iko karibu na uwanja wa ndege?" akauliza.

Sisi tunaishi Hayes, na kwetu kila kitu cha maana kiko karibu na uwanja wa ndege: ofisi ninamopangia zamu za wafanyakazi wa ghala, jiko kubwa ambamo dada alisimamia upishi wa vyakula vya abiria mpaka magoti yakamgomea, na kumbi zote ambamo watu wetu wameagwa, wameolewa na wamesomewa dua. Mpwa akatuonyesha picha kwenye simu. Lilikuwa jumba la matofali mekundu katikati ya London, lililojengwa zamani na tajiri mmoja mwenye fedha nyingi na kazi chache, aliyelijaza wanyama waliokufa kutoka kila nchi zilikofika meli. Alipokufa yeye hawakumjaza pamba, ingawa ingekuwa haki. Jumba likawa makumbusho, mojawapo ya zile za mwanzo mwanzo, na watu wa enzi hizo walikuwa wakisukumana mlangoni kwenda kumwona mamba. Siku hizi hasukumani mtu na paa linavuja, kwa hiyo Jumamosi wanakodisha ukumbi wa ndege waliokaushwa kwa harusi.

"I want somewhere with history," mpwa alisema. Amezaliwa hapa hapa. Kiswahili anakielewa chote, hata kile tunachomficha, lakini hujibu kwa Kiingereza.

"Kwani sisi hatuna historia?" dada akamuuliza. "Hapa sebuleni tu kuna historia ya kutosha."

Aliyemfanya akubali alikuwa Shangazi. Huyu ni shangazi wa bwana harusi, dada wa baba yake, muuguzi mstaafu wa Harrow, mwenyeji wa Mombasa anayeamini kwamba Kiswahili kilizaliwa kwao na sisi watu wa Tanga tuliazimwa tu. Ndiye aliyemlea kijana baada ya mama yake kufariki. Siku walipokuja kuleta posa, kila mtu amekaa kwa adabu na kikombe chake, Shangazi aliuliza, "Na binti anajua kupika, au anasoma kwenye simu?" Dada alicheka pamoja na wageni. Walipoondoka aliosha vile vikombe kwa namna niliyodhani vitavunjika, na tangu siku hiyo Shangazi akawa "yule mama wa Harrow."

Yule mama wa Harrow alikuwa amemuaga binti yake mwenyewe katika hoteli yenye taa za kuning'inia.

"Hoteli anafanya kila mtu," dada akasema, akiitazama tena ile picha. "Haya. Tufanye huko kwenye historia."

Kadi zilipogawiwa, kadi ya Shangazi haikuonekana. Dada alisema ni kosa la mpiga chapa. Sikumuuliza kwa nini mpiga chapa alimkosea mtu mmoja tu katika Harrow nzima.

Wiki moja kabla ya sherehe tulikwenda kukagua ukumbi. Tulipokewa na mhifadhi, yaani bwana anayewaangalia ndege, mrefu, mwenye skafu shingoni na tabia ya kunong'ona kana kwamba wote mle wamelala. Alitusomea masharti. Mishumaa hairuhusiwi. Ngoma hairuhusiwi, ila muziki wa kiasi. Chakula cha moto hakiruhusiwi, maana mvuke unaharibu manyoya, na chochote chenye harufu kali hakiruhusiwi.

"Sasa watu watakula nini?" dada akaniuliza. "Barafu?"

Nikamwambia mhifadhi kwamba dada anauliza kama sambusa zinakubalika. Alifikiri sana. Akasema zinakubalika zikiwa zimepoa.

Halafu akatuonyesha mahali pa meza kuu, na hapo ndipo tulipokutana na ndege. Alikuwa ndani ya sanduku la kioo refu kuliko mimi, nyuma kabisa ya kiti atakachokalia bi harusi. Alikuwa hondohondo. Nilimtambua kwa lile domo lenye pembe juu yake, kwa sababu bibi mzaa mama alikuwa Muheza, na tulipokwenda kwake likizo tuliwasikia wakilia msituni kama mtoto aliyenyimwa kitu. Lakini huyu alinichukua muda. Aliyemjaza bila shaka hajawahi kumwona akiwa hai, maana alikuwa amemsimamisha kifua mbele, shingo juu, kama bwana wa Kiingereza anayesubiri kupigwa picha. Domo lilipauka, wakalipaka rangi. Macho ya kioo hayakulingana: moja lilitazama mlango, la pili lilitazama kiti cha bi harusi.

"Huyu ndiye fahari yetu," mhifadhi akanong'ona. "Anatoka kwenu."

Dada alimtazama ndege. "Sitamuaga mwanangu mbele ya maiti," akasema kwa Kiswahili. "Mwambie amhamishe."

Haikuwezekana. Sanduku lilikuwa zito na ndege alikuwa dhaifu. Mhifadhi alieleza kwamba akitikiswa anamwaga vumbi la tumboni. Dada akaacha kubishana, jambo ambalo lingenishtua kama ningekuwa makini.

Siku ya sherehe ukumbi ulipendeza, siwezi kusema uongo. Watu walikuja kutoka Southall, Harrow na kwingineko, wakapita kati ya makabati ya ndege waliokufa wamevaa vitu vinavyomeremeta, na kwa kweli ndege walishindwa. Ila hakuna aliyetaka kukaa meza zilizo karibu na sanduku. Mzee mmoja alisoma dua kimya kimya akiwa amempa ndege mgongo. Mama mmoja aliuliza kama kuna choo ambacho hakina mnyama.

Mpwa wangu alipokaribia kuingia, dada alifungua mkoba wake, akatoa kanga, akaikunjua, akapanda kwenye kiti kwa magoti yale yale, akalifunika lile sanduku lote. Ikakaa vizuri, kama pazia lililoshonwa kwa kazi hiyo. Ilikuwa nyekundu na nyeusi, na maandishi yake yakatokea kifuani kabisa mwa ndege, yakisomeka hadi mlangoni: UMEKUJA HUJAITWA, UTAONDOKA HUJAAGWA.

"Dada," nikasema. "Umeitoa wapi hiyo?"

"Nimeshika ya kwanza iliyokuwa juu."

Kanga hiyo haikuwa juu. Nilikuwa naye dukani alipoichagua, akapekua karibu bunda zima akisoma moja moja, huku muuza duka akimuuliza anagombana na nani. Alikusudia kujifunga kiunoni wakati wa kucheza, endapo mtu fulani atatokea. Na mtu fulani akatokea wakati ule ule, amevaa zari ya dhahabu, ana wapwa na binamu nyuma yake. Akasimama mbele ya meza kuu. Akasoma. Muziki ulikuwa wa kiasi, kama tulivyoagizwa, kwa hiyo kila neno lilisikika.

"Maneno haya aambiwa nani?" Shangazi akauliza.

"Ndege," dada akajibu.

"Ndege?"

"Ndege. Kwani kuna mtu mwingine hapa ambaye hakuitwa?"

Wanawake wa meza za mbele waliacha kutafuna. Shangazi alimtazama dada, akalitazama sanduku, akarekebisha mtandio wake pole pole.

"Ndege huyu hakuja," akasema. "Aliletwa. Mwenye kuja kwa miguu yake ni mimi. Niambie mimi."

Akavuta kiti akakaa pale pale, kwenye meza iliyokuwa tupu karibu na sanduku, na watu wake wakakaa naye. Sherehe ikaendelea. Mpwa aliingia, akalia kidogo, akacheza kidogo. Sambusa za baridi zililiwa kwa heshima.

Mambo yangeishia hapo, yakawa ya kusimuliwa kwenye harusi nyingine, kama mhifadhi asingekuwa amesimama pembeni akilinda vioo vyake. Alikuwa ameona kanga. Alikuwa amewaona wanawake wawili wakisemezana mbele ya ndege kwa nyuso nzito. Alimnyatia bi harusi na kumuuliza wamesema nini. Mpwa wangu, aliyekuwa na haya na haraka, akamtafsiria kile tu ambacho hakikuwa matusi: yule mama amesema ndege hakuja, aliletwa. Na yale maandishi? Akamtafsiria nayo.

Mhifadhi aliweka mkono kifuani. Nilimwona. Alibaki hivyo kwa muda, skafu yake ikipanda na kushuka.

Tulipokuwa tukikusanya vyombo alimfuata dada. Alisema ameguswa mno. Alisema kanga ile ni nzuri ajabu, na je, makumbusho inaweza kubaki nayo?

Sasa, mtu akisifia nguo yako, sisi tumelelewa tuseme chukua. Naye amelelewa aseme hapana, jamani, nilikuwa nasifia tu. Hapo mnabembelezana kidogo, nguo inarudi kwa mwenyewe na kila mtu ameonekana mwema. Dada akasema, "Please, keep it, keep it," akitabasamu, akingoja kukataliwa.

Mhifadhi akaichukua.

Haukupita muda mrefu tukapata barua pepe. Kanga sasa imewekwa rasmi juu ya sanduku, nusu wazi, kama mwitikio wa jamii. Jamii ndio sisi. Mpwa alitusomea maelezo waliyoyaandika ukutani. Yalisema kwamba wanawake wa Kiswahili wamempa ndege sauti, naye anamwambia mkoloni aliyeingia kwao bila mwaliko kwamba ataondoka bila kuagwa. Halafu mtu alikuwa amefungua kamusi, akagundua kwamba kanga ni jina la ndege pia, basi wakaongeza aya nzima kuhusu ndege anayemkumbatia ndege.

"Mkoloni?" dada akasema. "Yule mama wa Harrow?"

Barua iliwaalika wanawake wale wawili waje jioni ya uzinduzi wazungumze na wageni. Dada alikataa. Mpwa alimwambia kwamba mumewe ameshamshawishi Shangazi na amekubali. Basi dada naye akakubali. Asingemwachia Shangazi ukumbi peke yake. Mimi nikaombwa nitafsiri. Dada ameamrisha jiko kwa Kiingereza nusu ya maisha yake na Shangazi amefokea madaktari kwa lugha hiyo hiyo, lakini wote wawili waligoma, kila mmoja kwa wakati wake. Walikuwa wamegundua kwamba mle ndani Kiswahili kinaheshimiwa zaidi.

Jioni hiyo kulikuwa na divai na jibini. Spika zilizofichwa zilitoa sauti za msitu wa Afrika, na ndani yake alinguruma simba, nikajua aliyezitengeneza hakufika Muheza. Viti viwili viliwekwa, kimoja kila upande wa sanduku. Mimi nilisimama katikati, hondohondo akinichungulia begani.

Mhifadhi aliuliza, kwa kunong'ona ndani ya kipaza sauti, "Mnapomtazama ndege huyu, mnahisi nini?"

"Mwambie sihisi kitu," dada akasema. "Nimekuja kwa sababu ya binti yangu. Na waambie wote wasikie, mwanangu nimemfundisha kupika mwenyewe."

Nikawageukia watu. Nikasema kwamba dada yangu amekuja kwa ajili ya kizazi kinachofuata, na kwamba yako maarifa ambayo mama humrithisha binti kwa mikono yake. Watu wakaguna kwa raha.

"Kupika nini?" Shangazi akasema. "Zile sambusa? Zilikuwa zikitetemeka kwa baridi."

Nikasema kwamba yeye anachokumbuka ni baridi kali.

"Baridi nililetewa na wenye nyumba hii," dada akamjibu, "na masharti yao."

Hiyo sikuigusa. Niliitafsiri kama ilivyo, kwamba baridi ililetwa na wenye nyumba hii, na kijana mmoja wa mstari wa nyuma akasema "Yes!" kama yuko msikitini na amesikia mawaidha.

Nilikuwa naanza kuifurahia kazi. Halafu Shangazi akaweka bilauri yake ya maji ya machungwa sakafuni, akamgeukia dada moja kwa moja, akipita mbele yangu kana kwamba mimi ni sehemu ya lile sanduku.

"Mimi hukunipa kadi," akasema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Kijana yule alinifikia mikononi hajaota meno. Nikitoka zamu ya usiku nampeleka shule, ndipo nilale. Siku ya kuagwa mkewe, Harrow nzima ina kadi, mimi naisikia sherehe kwa jirani. Nikavaa nikaja. Ulitaka nifanyeje?"

Sikuwa na urembo wa kuweka hapo. Nilisema kwa Kiingereza kile alichosema kwa ufupi: kwamba alilea kwa mikono yake, na siku ya sherehe hakuitwa, na kwamba iliuma.

Mama mmoja wa mstari wa mbele alivua miwani akajifuta macho, akamtazama hondohondo. Wakafuata wengine. Mwishowe ukumbi mzima ulikuwa ukimtazama hondohondo kwa huruma, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akimtazama Shangazi, aliyekuwa akilia kweli kweli pale kwenye kiti.

Dada alikuwa akimtazama.

"Mbona hukuniambia?" akasema.

"Nikwambie vipi, nawe umeniandikia kwenye nguo?"

Dada akayatazama magoti yake. "Lile neno la simu liliniuma," akasema. "Nimemfundisha nimesimama, na magoti haya. Mbele ya wageni wangu ukaniuliza vile."

"Nilikuwa nafanya mzaha."

"Mzaha wa Mombasa."

"Ndiyo, wa Mombasa. Nyinyi wa Tanga hamjui kucheka."

Dada alicheka. Hakutaka, lakini alicheka. "Nisamehe, mkwe," akasema.

"Yameisha. Nipe hiyo tishu."

Mhifadhi akanisogelea akauliza wanasema nini. Nikamwambia wanasameheana. Alifumba macho. Watu wakapiga makofi, wengine wakasimama, na kesho yake tulisoma kwenye tovuti yao kwamba jamii imeisamehe makumbusho.

Hapo ndipo lilipozuka jambo lingine. Wakwe wakishapatana, matusi hayafai kubaki yakining'inia katikati ya London. Shangazi ndiye aliyeanza. "Twende tukaitwae ile nguo," akampigia dada simu. "Watu wa kwetu wapita pale. Washaanza kuniuliza."

Tulikwenda sote watatu. Mhifadhi alitupokea kwa furaha, akatukuta tunataka kanga, furaha ikapungua. Alieleza kwamba haiwezekani. Kanga imeshapewa namba. Imeingia katika mkusanyiko wa kudumu, na kitu kikishaingia humo hakitoki bila bodi kukaa, na bodi hukaa kwa nadra. Tena kwa sasa haiko juu ya ndege. Imeshushwa, imewekwa kwenye friji ili kuua mayai ya nondo.

"Mmeigandisha kanga yangu?" dada akauliza, safari hii kwa Kiingereza.

Mhifadhi alishtuka, sijui kwa swali au kwa Kiingereza. Akasema tunaweza kuitembelea wakati wowote, bure. Akatuletea glavu nyeupe, ili ikitoka kwenye baridi dada aweze kuigusa.

"Nguo yangu mwenyewe?"

"Ni kwa sababu ya mafuta ya vidole," mhifadhi akanong'ona.

Shangazi hapo akafungua Kiingereza chake cha wodini, kile kilichokuwa kikiwainua madaktari wanafunzi vitini. Alimuuliza mhifadhi, ambaye kwake sasa alikuwa kijana tu, kama mama yake alimfundisha kuchukua vitu vya watu. Alimweleza kwamba mtu akisema "keep it" hajamaanisha. Mhifadhi aliomba radhi mara nyingi. Alisema anaelewa kabisa, na kwamba angependa maoni haya yawekwe ukutani pia, karibu na ndege.

Kanga haikutoka. Tulichopata ni chai ya bure katika mkahawa wao wa chini, tukaketi tukainywa kwa hasira. Shangazi alisema haijachemka. Dada alisema hata majani hayajaona maji. Wakakubaliana kwamba keki nayo ni ya juzi, na baada ya hapo walikubaliana kuhusu mambo mengi mno, mengi yakiwa ya watu ninaowafahamu.

Mpwa na mumewe walikuwa wanakuja kula kwetu Jumapili. Dada akamwambia Shangazi naye aje. Alifika Hayes kabla ya saa aliyoambiwa, ameshika sufuria yake mwenyewe na bizari aliyoisaga nyumbani, eti kwa pilau hamwamini mtu. Dada alimtazama pale mlangoni, akaitazama sufuria, akampisha jikoni. Mimi, mdogo wake wa tumbo moja, sijawahi kupishwa jikoni humo hata siku moja.